MITA MOJA KWA BAISKELI NYINGI

Somo kwa mwenye baiskeli mbili, tatu au zaidi

Baiskeli ni mtumishi wa nyumba nyingi katika nchi ya Kitale na Bungoma. Alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya vilima vya Cherangani, watu huonekana wakiingia Kitale na mitungi ya maziwa iliyofungwa kwenye keria. Huko Bungoma, siku za soko, magunia ya mahindi, mikungu ya ndizi na matenga ya kuku husafiri kwa magurudumu mawili. Kazi ya kubeba abiria kwa baiskeli ilianzia mpakani Busia katika miaka ya 1960, ikapata jina la boda boda kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Kazi hiyo sasa imechukuliwa kwa sehemu kubwa na pikipiki. Lakini baiskeli haikufa. Haili petroli, hupita vijia vyembamba vya mashambani, na fundi wake hupatikana karibu kila penye soko.

Tena, katika nyumba nyingi baiskeli haiko moja tu. Baba ana ile kubwa nyeusi iitwayo Black Mamba. Binti aendaye shule ya mbali ana nyingine. Na kijana ana ya tatu, ya kupelekea mboga sokoni. Vikundi vya wakulima navyo hununua baiskeli kadhaa kwa kazi ya pamoja. Mwenye mali ya namna hii hupenda kujua kila baiskeli imekwenda mwendo gani, ili ajue wakati wa kubadili tairi, ajue safari yake ina urefu gani, na ajue mchukuzi astahili malipo kiasi gani. Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari.

Chombo kionyeshacho mwendo huo ni mita ndogo ifungwayo kwenye usukani. Wengine huiita kompyuta ya baiskeli, ijapokuwa kazi yake ni ndogo: huonyesha mbio za baiskeli, urefu wa safari ya leo, na jumla ya kilomita tangu siku ilipofungwa. Mtu mwenye baiskeli moja hana shida sana katika kuichagua. Shida huanza pale mita moja inapotakiwa kutumika katika baiskeli nyingi. Hapo asiyejua jinsi chombo hiki kifanyavyo kazi aweza kupata hasara, na hata kuwakosanisha watu wema.

UGOMVI WA KILOMITA MOJA NA NUSU

Chukua mfano wa kikundi cha wakulima wa ng'ombe karibu na Kiminini, katika barabara itokayo Kitale kwenda Webuye. Kikundi kina wachukuzi watatu wapelekao maziwa mjini kila asubuhi. Wawili wana Black Mamba zenye magurudumu ya inchi 28. Wa tatu, aliye kijana kuliko wote, ana baiskeli ya Buffalo, ambayo magurudumu yake ni ya inchi 26. Wote hupita njia ile ile, kwenda na kurudi. Wakulima wamekubali kuwalipa kwa kilomita, na kwa ajili ya mfano malipo na yawe shilingi 10 kwa kila kilomita. Wakanunua mita moja, iwe ikihamishwa juma kwa juma kutoka baiskeli hii hadi ile.

Juma la kwanza mita ilifungwa kwenye Black Mamba, ikaonyesha kilomita 20 kwa siku. Juma la pili ilifungwa kwenye Buffalo, na kila siku ikaonyesha kilomita 21 na nusu. Kijana akaomba malipo ya kilomita 21 na nusu. Wenzake wakanung'unika. Mmoja akasema kwamba kijana huyo huenda huigeuza baiskeli juu chini nyumbani usiku, akazungusha gurudumu kwa mkono ili mita ihesabu. Jambo hilo huwezekana kweli, na kwa hiyo maneno yale yaliaminiwa upesi.

"Mama," kijana alimwambia mwekahazina, "sikulizungusha kwa mkono hata mara moja. Nimepita njia ile ile ya siku zote."

"Nasikia, mwanangu," mwekahazina alijibu, "lakini barabara haikurefuka juma hili. Kilomita hizi zimetoka wapi?"

Ikambidi mwekahazina aipeleke baiskeli na mita yake kwa fundi. Fundi, aliyekuwa mzee wa makamo, aliitazama mita, akabonyeza kitufe mara mbili tatu, kisha akacheka. "Mama, huyu kijana hana kosa," alisema. "Mita hii imeambiwa kwamba gurudumu ni la inchi 28, nayo imefungwa kwenye gurudumu la inchi 26. Imehesabu sawasawa, lakini imehesabu kwa kipimo cha baiskeli ya mwenzake."

Kwa siku 26 za kazi katika mwezi, kosa hilo lingeonyesha kilomita 560 mahali pa kilomita 520 za kweli. Ni kilomita 40 zisizokuwako, yaani shilingi 400. Na kama kosa lingekuwa la upande wa pili, mita ikiwa imewekwa kwa inchi 26 na kufungwa kwenye Black Mamba, mchukuzi angeandikiwa kilomita 483 tu. Angepoteza shilingi 370 kila mwezi asijue kwa nini. Zaidi ya fedha hizo, jina la kijana mwaminifu lilikaribia kuharibika kwa sababu ya tarakimu nne zilizofichwa ndani ya mita.

MITA HAIPIMI NJIA

Jambo la kwanza la kufahamu ni hili: mita ya kawaida haipimi njia hata kidogo. Huhesabu mizunguko ya gurudumu. Kwenye spoki moja hufungwa kipande kidogo cha sumaku. Kwenye uma wa mbele, ushikao gurudumu, hufungwa kipokezi. Ndani ya kipokezi hicho mna kibomba chembamba cha kioo chenye vipande viwili vya chuma visivyogusana. Kila sumaku inapopita karibu, vipande hivyo hugusana kwa nukta moja, na habari hupelekwa kwenye mita: gurudumu limezunguka mara moja.

Mita huchukua hesabu ya mizunguko na kuizidisha kwa urefu wa mzingo wa gurudumu, ambao mwenyewe aliuandika ndani yake kwa milimita. Gurudumu la inchi 28, kwa hesabu ya kitabuni, lina mzingo wa milimita 2,234; la inchi 26 lina milimita 2,075; na la inchi 24 lina milimita 1,915. Kwa hiyo, katika kilomita moja, gurudumu la inchi 28 huzunguka mara 448 hivi, na la inchi 26 huzunguka mara 482. Mita ikipewa mizunguko 482 na kuambiwa kila mmoja ni milimita 2,234, yaweza kufanya nini ila kuongeza kilomita zisizokuwako?

Shida hii ni ya zamani. Mwaka 1895 Mmarekani mmoja wa mji wa Hartford, jina lake Curtis Veeder, alitengeneza kihesabu kidogo cha chuma kilichofungwa karibu na habu ya gurudumu la mbele. Pini iliyofungwa kwenye spoki iligonga kigurudumu chenye meno kama nyota, na kila pigo likasogeza tarakimu mbele kidogo. Vihesabu vya namna hiyo vilienea duniani pamoja na baiskeli zenyewe. Kila kimoja kilitengenezwa kwa ukubwa mmoja wa gurudumu, na aliyekinunua kwa inchi 28 hakuweza kukitumia kwa inchi 26 ila kwa kupiga hesabu yake kichwani. Mita za umeme, zilizoanza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na makampuni kama Cateye ya Osaka, Japani, zilileta faida kubwa: namba ya gurudumu iliweza kubadilishwa. Lakini faida hiyo ndiyo pia mlango wa kosa, kwa sababu kinachoweza kubadilishwa chaweza pia kusahauliwa.

NJIA TATU ZA KUCHAGUA

Mwenye baiskeli nyingi ana njia tatu mbele yake. Kabla ya kwenda dukani, na ajiulize swali moja: je, baiskeli hizi hutoka siku moja, au hutoka kwa zamu?

Njia ya kwanza ni kununua mita ya bei ndogo kwa kila baiskeli. Hii yafaa kama baiskeli zote hutoka kila siku, maana kichwa kimoja hakiwezi kuwa mahali pawili. Mita za waya ndizo rahisi, na kila moja hubaki na namba ya gurudumu lake bila kuguswa. Hakuna kuhamisha wala kubadilisha, na jumla ya kilomita za kila baiskeli haichanganyiki na ya nyingine.

Njia ya pili ni kununua kichwa kimoja pamoja na viti kadhaa. Kiti ni kile kipande kinachobaki kwenye usukani, pamoja na kipokezi chake na sumaku yake. Kichwa huchomolewa kwenye baiskeli moja na kuchomekwa kwenye nyingine. Hii yafaa kwa mtu mmoja apandaye baiskeli mbili kwa zamu, au kwa kikundi kitakacho kupima njia. Hapa yampasa mnunuzi achague mita yenye nafasi mbili za magurudumu, ambazo mara nyingi huandikwa A na B, au 1 na 2. Inchi 28 ikawa katika A, na inchi 26 katika B, kuhama huwa ni kazi ya kitufe kimoja tu. Mita yenye nafasi moja humlazimu mtu aandike tarakimu nne upya kila anapohamisha, na siku atakapokuwa na haraka atasahau.

Njia ya tatu ni mita isomayo setilaiti, kama zifanyavyo simu nyingi za siku hizi. Mita hiyo haina haja ya sumaku, wala kipokezi, wala namba ya gurudumu. Huhamishwa kutoka baiskeli hadi baiskeli kama saa ya mkononi inavyohamishwa kutoka mkono hadi mkono. Kwa mwenye baiskeli nyingi zenye magurudumu ya kila namna, hakika ni rahisi kutumia. Lakini bei yake ni kubwa zaidi, na betri yake hutaka kutiwa umeme baada ya saa kadhaa za kazi, ambapo betri ndogo ya mita ya waya huweza kudumu mwaka mzima. Tena hupima kwa kuunganisha nukta na nukta. Katika vijia vyenye kona nyingi chini ya miti, kama vile vya mitelemko ya Mlima Elgon, huweza kukata kona na kupunguza mwendo kidogo. Mwenye simu ya namna hiyo hana haja ya kununua nyingine ya setilaiti. Na aitumie kusahihisha mita yake ya kawaida.

MAMBO YA KUTAZAMA DUKANI

Mnunuzi asivutwe na wingi wa maneno yaliyoandikwa kwenye boksi. Mita yenye kazi ishirini na mbili haipimi vizuri kuliko yenye kazi tano. Yafaa atazame mambo haya:

Kwanza, mita ikubali kuandikiwa mzingo wa gurudumu kwa milimita, tarakimu zote nne. Ziko mita zinazotoa orodha fupi tu ya ukubwa wa magurudumu, na huenda gurudumu la Black Mamba lisiwemo.

Pili, kama itahamishwa, iwe na nafasi mbili za magurudumu, na viti vya ziada viweze kununuliwa peke yake. Asikubali ahadi ya kwamba kiti kitakuja baadaye. Akione kwa macho.

Tatu, aulize kama jumla ya kilomita hubaki betri inapotolewa. Mita nyingi za bei ndogo husahau jumla na namba ya gurudumu pia. Zile zilizo bora humruhusu mwenyewe kuirudisha jumla ya zamani kwa kuiandika.

Nne, betri iwe ya aina ipatikanayo madukani. Iliyoenea sana ni ile ya duara iitwayo CR2032. Jina hilo lina maana: upana wake ni milimita 20, na unene wake ni milimita 3.2.

Tano, tarakimu ziwe kubwa za kutosha kusomwa na mzee asiye na miwani, na kioo kisomeke katika jua kali.

Sita, ivumilie mvua, maana nchi ya Kitale na Bungoma hupata mvua sehemu kubwa ya mwaka.

Ama katika kuchagua kati ya mita yenye waya na isiyo na waya, kila moja ina ubaya wake. Waya huweza kunaswa na mzigo au kung'olewa na mbuzi aliyefungwa penye usukani. Black Mamba nyingi zina breki za vyuma badala ya waya, na mtu akizungusha waya wa mita kwenye vyuma hivyo bila kuacha nafasi, utakatika breki zinapovutwa. Mita isiyo na waya huepuka taabu hiyo, lakini kipokezi chake hutaka betri ya pili, na kisiwekwe mbali sana na kichwa. Tena zile za bei ndogo, baiskeli mbili zikienda sambamba, huweza kupokea habari za gurudumu la jirani. Kwa kazi ya kila siku ya kubeba mizigo, waya uliofungwa vizuri kwa kamba za plastiki bado ni chaguo zuri.

JINSI YA KULIPIMA GURUDUMU

Namba ya kitabuni ni mwanzo mzuri, lakini si neno la mwisho. Tairi nene huongeza mzingo, tairi iliyolika huupunguza, na tairi isiyo na pumzi ya kutosha hubonyea chini ya mzigo. Kwa hiyo kila gurudumu lipimwe lenyewe, nayo ni kazi ya dakika kumi.

Tia pumzi katika tairi kama kawaida ya siku za kazi. Simamisha baiskeli mahali palipo sawa, penye saruji au udongo mgumu, na uweke valvu ya gurudumu la mbele chini kabisa. Chora mstari kwa chaki chini ya valvu. Mwenye baiskeli aketi juu yake, na mwenzake amshike asianguke, kisha aisukume polepole kwa mstari ulionyoka mpaka gurudumu limezunguka mara tano na valvu imerudi chini. Chora mstari wa pili. Pima kutoka mstari hadi mstari kwa utepe wa fundi seremala, kisha gawanya kwa tano. Utepe ukionyesha milimita 11,100, namba ya gurudumu ni 2,220. Sababu ya kuzungusha mara tano ni kwamba kosa dogo la kuchora mstari nalo hugawanywa kwa tano.

Kisha namba hiyo ijaribiwe. Uwanja wa michezo wenye njia ya kukimbilia ya mita 400 wafaa sana, wakati ambapo hakuna wakimbiaji. Mizunguko kumi katika njia ya ndani ni kilomita 4. Mita ikionyesha 4.00, kazi imekwisha. Ikionyesha namba nyingine, zidisha namba ya gurudumu iliyomo kwa kilomita za kweli, kisha gawanya kwa kilomita zilizoonyeshwa. Kama kijana wa Kiminini angeijaribu mita yake hivyo, ingeonyesha 4.31. Angezidisha 2,234 kwa 4.00 na kugawanya kwa 4.31, angepata 2,073, na siri yote ingefunuliwa bila ugomvi.

Yafaa pia kujua usahihi wa kiasi gani watosha. Magurudumu mawili ya inchi 28 yakitofautiana kwa milimita 10, kosa ni chini ya nusu ya moja katika mia. Kwa kilomita 520 za mwezi ni kilomita mbili na kitu. Baiskeli hizo mbili zaweza kutumia nafasi moja ya mita bila dhuluma. Lakini inchi 28 na inchi 26 haziwezi kamwe.

Jambo jingine la kuangalia ni maili na kilomita. Mita nyingi huweza kuonyesha moja kati ya hizo mbili, na maili moja ni mita 1,609. Mita iliyowekwa kwa maili itamwonyesha mchukuzi wa kilomita 20 tarakimu 12.4 tu.

KUFUNGA NA KUTUNZA

Sumaku na kipokezi vitazamane, na nafasi kati yao iwe milimita 5 au pungufu, bila kugusana. Inua gurudumu, ulizungushe, na utazame kama mita inahesabu. Matope yakijaa kwenye uma, au spoki ikilegea, sumaku husogea na mita hukaa kimya. Mtu akaona sifuri akadhani betri imekwisha. Sokoni, kichwa kitolewe na kutiwa mfukoni, kwa kuwa ni kitu kidogo na huibiwa upesi.

Betri za duara zina hatari ambayo kila mzazi yampasa kuijua. Mtoto mdogo akiimeza, huweza kunasa kooni na kuunguza nyama ya ndani vibaya sana katika muda wa saa mbili. Betri mpya na ya zamani ziwekwe mbali na watoto, na mtoto aliyemeza apelekwe hospitali mara hiyo hiyo, hata kama halii.

Na aendeshaye asikodolee macho mita. Baiskeli iendayo kwa mbio za kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 katika kila sekunde. Atazamaye chini kwa sekunde mbili amekwenda mita 22 bila kuona mbele, tena pengine ana mzigo mzito na breki zilizolowa maji. Tarakimu zisomwe baada ya kusimama.

DAFTARI NDILO MITA YA PILI

Mita moja ikitumika kwa baiskeli tatu, jumla yake mara nyingi ni jumla ya zote tatu zilizochanganywa. Haisemi tairi ya nani imelika. Kwa hiyo kila safari ianze kwa kurudisha tarakimu za safari kwenye sifuri, na ikiisha iandikwe katika daftari. Mistari mitano yatosha: tarehe, baiskeli, namba ya gurudumu iliyokuwa katika mita, kilomita za safari, na jina la aliyeendesha. Katika ukurasa wa mwisho ziandikwe namba za magurudumu yote, na siku kila tairi na kila mnyororo ulipofungwa. Hata mita ikipotea au betri ikiisha, habari zote zimebaki.

Lakini wasisahau wenye kulipa kwamba mita huhesabu urefu wa njia, haihesabu jasho. Mji wa Kitale uko kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma kiasi cha mita 1,400. Kilomita za kutelemka kutoka Kitale kupitia Kamukuywa, Misikhu na Webuye hadi Bungoma ni sawa kwa hesabu na zile za kupanda kurudi, bali miguu ya mchukuzi yajua tofauti. Malipo ya haki huanza kwa kilomita za kweli, kisha watu wenye akili hukaa pamoja wakapatana juu ya vilima, matope na uzito wa mzigo.

Hao wa Kiminini, katika mfano huu, walifanya mambo matatu. Walimwomba radhi kijana mbele ya wote. Walinunua viti viwili zaidi, wakaandika inchi 28 katika A na inchi 26 katika B. Na mwekahazina akafungua daftari. Tangu hapo kilomita 20 zikawa kilomita 20 kwa kila mtu.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Gurudumu limezunguka mara tano, na utepe umeonyesha milimita 10,350. Namba ya gurudumu ni ngapi?

2. Mita yenye namba 2,234 imeonyesha kilomita 8.2 baada ya mizunguko 20 ya uwanja wa mita 400. Namba iliyo sahihi ni ipi?

3. Njia ya maili 12 ni kilomita ngapi?

4. Baiskeli mbili zina magurudumu ya milimita 2,234 na 2,226. Je, zaweza kutumia nafasi moja ya mita?

Majibu: (1) 2,070. (2) 2,234 mara 8 kugawanya kwa 8.2 ni 2,180. (3) Kilomita 19.3. (4) Zaweza, kwa kilomita 500 tofauti haifiki kilomita mbili.